Daftari la Sesilia Mghoi

Katika ukumbi wa parokia moja kule Barking, upande wa jikoni, kuna meza ndogo ambayo mguu wake mmoja umeviringishwa mkanda wa gundi. Misa ya Jumapili ikiisha na watu wakipanga foleni ya chai, Sesilia Mghoi alikuwa akikaa kwenye meza ile, anavaa miwani, anafungua daftari lake la jalada jekundu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ilianza na mama mmoja aliyeletewa barua ya benki asiielewe, na miaka tisa baadaye ikawa kama huduma ya kanisa. Mwenye karatasi yenye maneno magumu alikwenda kwa Sesilia.

Shule aliishia darasa la saba, kwao Mwatate. Lakini kabla ya kuja London kufanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, alipika chai miaka kumi na mmoja katika ofisi ya ushirika wa akiba na mikopo wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Alizunguka na sinia, vikombe vikiwa mkononi na masikio yakiwa kwenye mazungumzo ya wakubwa. Maneno ya pesa aliyashika hivyo, kama mtu anavyoshika nyimbo za kanisani bila kuona kitabu.

Na alijua kuyaeleza. Mtaji, alisema, ni zile pesa unazozitia kwenye biashara ukijua hutazila kesho wala keshokutwa. Riba ni kodi: umekaa ndani ya pesa za mtu, basi unamlipa kwa kukaa. Mauzo ni zote zilizoingia dukani. Faida ni zile zilizobaki baada ya kila mwenye chake kuchukua chake, na wewe mwenyewe ukiwa umejilipa. "Usiniambie umeuza elfu tano ukacheka," aliwaambia. "Niambie umebaki na ngapi, tucheke wote."

"Mama Mghoi," aliwahi kuuliza Shiku, msusi aliyepanga chumba kule Kilburn, mtu wa mzaha, "na benki wakiniandikia 'mteja wetu mpendwa', maana yake ni nini?"

"Maana yake unadaiwa."

Watu walicheka mpaka paroko akachungulia.

Kila aliyeelezwa neno, Sesilia aliandika jina lake daftarini, na neno lenyewe, na tarehe. Hakuwa anaweka hesabu. Alhamisi akitoka kazini alipita kanisani, akapiga magoti, akawaombea mmoja mmoja kwa majina. Aliona mtu asiachwe na neno peke yake.

Basi, mwezi wa tatu wa mwaka juzi, Mumbi alikuja mezani na karatasi saba zilizobanwa pamoja. Mumbi alikuwa mjane, mfanya usafi wa hospitali, mama wa binti mmoja, Marion, mwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili ambayo yeye na marehemu mumewe waliilipia miaka ishirini na miwili. Huyo hakuwa mtu wa kumchelewesha mtu, wala wa kufungua barua ngumu bila Sesilia kuwapo.

"Ni ya Hillary," alisema. Hillary walimjua wote, kijana wa miaka thelathini na nne aliyekuwa akiendesha gari la kusambaza mizigo na kuimba besi kwenye kwaya. Alikuwa anafungua duka la vyakula vya nyumbani: unga, maharagwe, dagaa, majani ya chai. Mwenye jengo alitaka wadhamini. "Amekubali Jotham, yule nesi. Amekubali Shiku. Amenifuata na mimi. Sasa dada, huyu mdhamini hasa anafanya nini?"

Sesilia hakusita. Neno hilo alilijua kuliko yote. Kule ushirika kila mkopo ulikuwa na wadhamini, na aliona kwa macho yake wanavyofanyiwa.

"Mdhamini ni anayesema, huyu namjua, asipolipa niulizeni mimi," alieleza. "Mko watatu, deni linakatwa mapande matatu. Kila mmoja anabeba pande lake. Na wanakata kwenye akiba uliyoweka, basi. Nyumbani kwako hawafiki."

"Kwa hiyo tunagawana."

"Mnagawana, Mama Marion."

Kwenye ukurasa wa tano palikuwa na mstari uliosema wadhamini wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Sesilia aliusoma. Aliuona ni urembo wa mawakili, wanaopenda kusema jambo moja mara mbili, akafunua ukurasa. Mumbi alimshukuru, akampa keki ya ndizi. Jina lake likaingia daftarini: Mumbi, mdhamini, tarehe kumi na mbili.

*

Novemba hii iliyopita, Jumanne, Sesilia alikuwa Harrow akimwosha miguu Mama Bharti. Tangu mwanzo wa Oktoba wakala aliyempa kazi alimpangia zamu za Jumapili, wiki sita mfululizo, na meza ya ukumbini ilikaa bila mtu.

Mama Bharti alizaliwa Kisumu, akashika hesabu za duka la vyuma la mumewe Chaman, kwanza kule na kisha London. Miguu yake ilikuwa imevimba, lakini kichwa kilikuwa bado na makali. Walizoea kuongea Kiswahili, kwa sababu, alisema, binti yake Tejal anakielewa ila humjibu kwa Kiingereza tu, na hiyo ni sawa na kucheza mpira na ukuta.

"Leo umenyamaza," alisema. "Umeharibu kucha yangu?"

"Nawakumbuka watu wa meza yangu, Mama Tejal. Sijui nani anawasomea barua."

Akamsimulia. Akataja maneno aliyowaeleza, kwa fahari kidogo ya mtu anayejua kazi yake, mpaka akafika kwa duka la Hillary na wale wadhamini watatu waliogawana.

Mama Bharti alitoa mguu wake kwenye beseni. Maji yalidondoka zuliani, naye hakuyatazama.

"Karatasi ilisema kwa pamoja? Au ilisema kwa pamoja na kila mmoja peke yake?"

"Ilisema yote mawili."

"Aaa," alisema yule mzee, taratibu, kama mtu anayefunga mlango ili asimwamshe mgonjwa. "Sesilia. Keti."

Sesilia aliketi kwenye ukingo wa kitanda, taulo mikononi.

"Hiyo yako ya ushirika ni nzuri. Ni ya watu wanaojuana. Hapa, kila mmoja peke yake maana yake kila mmoja anadaiwa lote. Si pande. Lote. Mwenye jengo anachagua amfuate nani, na hamtafuti mwenye kosa. Anamtafuta mwenye mali."

"Lakini Hillary alifungua kampuni. Kampuni ikianguka inaanguka peke yake. Hata hilo niliwaeleza."

"Ndiyo. Kampuni ni ukuta. Duka liko huku, nyumba ya mtu iko kule. Mwenye jengo anaujua ukuta huo, ndiyo maana anataka mdhamini. Mdhamini ni tundu kwenye ukuta. Mtu anapita hapo mpaka sebuleni kwako." Alinyoosha kidole, akaonyesha chumba kizima, kitanda, kabati, picha ya Chaman yenye shada la maua ya plastiki. "Unafikiri kwa nini naishi kwa binti? Chaman alimwekea saini ndugu yake. Walikuwa watatu, wao pia. Mmoja akafa, mmoja akahamia Kanada. Sisi tulikuwa na nyumba ya ghorofa, hapa hapa Harrow, na bustani mbele. Tulikuwa rahisi kupatikana."

Nje treni ilipita, na glasi ya dawa ikatetemeka juu ya meza.

"Katika hao watatu wako," aliuliza Mama Bharti, "nani ana nyumba?"

Sesilia hakuhitaji kufikiri. Jotham alistaafu mwaka jana akarudi Nakuru. Shiku alikuwa na chumba cha kupanga na mashine mbili za kukaushia nywele.

*

Kesho yake, baada ya zamu ya asubuhi, alipanda basi mpaka dukani kwa Hillary. Njia nzima alishika rozari ndani ya mfuko wa koti, lakini sala haikuenda. Kila alipofika katikati ya Salamu Maria, lile neno "lote" lilimrudia.

Kengele ya mlango ililia. Hillary alikuwa nyuma ya kaunta na koti mwilini.

"Anti Sesilia! Umepotea kama mshahara!"

"Kazi, mwanangu. Habari za biashara?"

"Biashara iko juu. Mwezi wa tisa mauzo elfu kumi na nane, Anti."

"Na faida?"

Alicheka, akapangusa mizani ambayo haikuwa na vumbi. "Wewe na maneno yako."

Sesilia alizunguka kama anayetafuta kitu. Makopo ya maharagwe yalipangwa vizuri mbele ya rafu, mstari mmoja. Alipovuta moja, nyuma yake palikuwa na maboksi matupu yaliyowekwa kuzuia kiza kisionekane. Friza tatu, na moja tu ndiyo ilikuwa ikinguruma. Nyingine mbili zilifunikwa kitambaa cha meza chenye maua, kama maiti waliofunikwa kwa heshima. Kulikuwa na baridi ndani kuliko nje.

Alijua anachokitazama, kwa kuwa ofisini kule Mwatate aliwasikia wakubwa wakikisema juu ya maduka ya watu. Walikiita mtiririko wa fedha: pesa zinaingia siku gani na zinatoka siku gani. Mtu anaweza kuuza sana na bado akashindwa kulipa umeme, kwa kuwa wateja wa mkopo watalipa mwisho wa mwezi, na umeme haungoji. Akianza kuchukua pesa za kodi kununulia mzigo, na pesa za mzigo kulipia umeme, duka linaonekana linakwenda huku linajila lenyewe kutoka ndani.

"Mwenye jengo umemlipa, Hillary?"

"Nimeongea nao."

"Sikuuliza kuongea."

Kijana aliinama chini ya kaunta, akatoka na pakiti ya majani ya chai, akaiweka mkononi mwake kwa nguvu. "Chukua, Anti. Usilipe. Ni zawadi." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na ukimwona Anti Mumbi, mwambie nitampigia. Mwambie mimi mwenyewe nitampigia kabla ya mtu mwingine."

Sesilia alitoka na ile pakiti. Alikuwa amefika kituo cha basi alipotambua kitu kilichomfanya asimame katikati ya watu. Mle dukani hakuwa amelitaja jina la Mumbi hata mara moja.

Alimpigia simu Mumbi palepale. Haikupokelewa, Mumbi akiwa wodini huacha simu kabatini. Ijumaa alipopita tena, duka lilikuwa limefungwa. Kufuli haikuwa ile kuukuu ya Hillary. Ilikuwa mpya, inang'aa, na kwenye kioo cha mlango palibandikwa karatasi nyeupe yenye jina la mwenye jengo. Ndani, kwenye kiza, hata ile friza ya tatu ilikuwa imenyamaza. Simu ya Hillary ilisema haipatikani.

*

Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, mwanga wa Novemba ukiwa tayari umeanza kuondoka, Sesilia alibonyeza kengele ya Mumbi. Mkobani alikuwa na daftari jekundu. Njiani alikuwa amepanga atakavyosema, na kila sentensi ilianza na neno "nilidhani". Akaziacha zote.

"Mungu ni mwema!" Mumbi alimkumbatia mlangoni. "Nilimwambia Marion, Mama Mghoi atakuja tu. Ingia, ingia, viatu acha. Chai iko motoni."

Marion, binti yake wa miaka ishirini, aliinua kichwa kwenye kochi, akasalimia kwa Kiingereza, akarudi kwenye simu yake. Ilikuwa sebule safi. Ukutani palikuwa na picha ya harusi, kalenda ya parokia, na ile hati ya kumaliza mkopo wa nyumba ambayo Mumbi aliitia fremu kama cheti cha shule.

"Umekuja wakati mzuri," Mumbi alisema akimimina chai. "Nimekuwekea barua." Alinyoosha mkono juu ya friji, akatoa bahasha tatu zilizolazwa chini ya kopo la biskuti. Zote zilikuwa zimefungwa. "Huyu Marion alitaka kuzifungua. Nikamkataza. Nikasema hizi zina mwenyewe. Jumapili ya kwanza hukuja, ya pili hukuja, nikasema basi, zitangoja."

Marion alisema, kwa Kiingereza na bila kuinua macho, kwamba alimwambia mama yake mara kumi.

Sesilia alizipokea. Alizisoma tarehe za posta kabla ya kuchana. Ya kwanza Oktoba, wiki ileile aliyoanza zamu za Jumapili. Ya tatu ilikuwa na siku kumi tangu ifike, na bahasha yake ilikuwa na muhuri wa mahakama.

"Kabla sijafungua, Mama Marion," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa utulivu, "nina jambo la kukuambia. Mwaka juzi uliniuliza mdhamini ni nini. Nilikueleza vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Nilikueleza ya kwetu. Ya hapa ni nyingine."

Mumbi alicheka kidogo, akamsogezea sukari. "Fungua kwanza, dada. Unanitisha bure."

Akafungua. Ya kwanza ilisema kampuni ya Hillary haijalipa kodi ya miezi saba. Ya pili ilisema ni miezi minane, na kwamba sasa wadhamini wanatakiwa kulipa. Ya tatu ilikuwa madai yenyewe, yamefikishwa mahakamani: pauni elfu ishirini na sita na mia nne, pamoja na gharama. Siku kumi na nne za kujibu. Zilibaki nne.

Midomo ya Mumbi ilitembea. Sesilia alijua anafanya nini, anagawanya.

"Elfu nane na mia nane," Mumbi alisema mwishowe. "Ni nyingi, lakini nikichukua zamu za usiku, na Marion akisaidia, na Jotham akatoa yake..."

"Hapana, Mumbi." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tupu. "Hawagawi. Jotham yuko mbali na Shiku hana kitu. Wanaweza kumdai mmoja lote. Angalia jina lililo juu hapa. Ni lako peke yake."

"Lote?"

"Lote. Nimeuliza mtu aliyepitia haya: ukishalipa, una haki ya kuwadai wenzako sehemu yao, ukiwapata. Na usipolipa, wanaweza kuomba mahakama iweke dai juu ya nyumba hii. Likishawekwa, mahakama inaweza hata kuamuru iuzwe."

Kochi lililia, Marion alikuwa ameinuka. Alikuja akasimama nyuma ya mama yake, akachukua ile barua ya tatu, akafunua kurasa za nyuma ambako nakala ya mkataba ilikuwa imebanwa. Alisoma haraka, kwa macho ya mtoto aliyesomea hapa. Kidole chake kikasimama. Akamwekea mama yake karatasi mezani bila neno.

Ulikuwa ukurasa wa mwisho, wa saini. Chini palikuwa na kisanduku kidogo kinachouliza kama mdhamini amepata ushauri huru, na kutoka kwa nani. Kisanduku kilitiwa alama. Na mbele yake, kwa mwandiko mkubwa wa Mumbi, ule wa mtu anayeandika kwa uangalifu: Sesilia Mghoi, kanisani.

Hakuna aliyegusa chai.

Sesilia alilitazama jina lake. Aliona sasa kwamba tangu siku ile ya saini wakala wa mwenye jengo alikuwa nalo katika faili, na siku yoyote Mumbi angesema hakuelewa anachokitia saini, wangelitoa, waseme alielezwa, huyu hapa aliyemweleza. Aliukumbuka ule mstari wa ukurasa wa tano na jinsi kidole chake kilivyoupita.

"Nisamehe," alisema. "Sikujua kwamba sijui."

Mumbi alisimama. Akaenda ukutani, akainyoosha ile hati ya nyumba, ingawa haikuwa imeinama. Nje taa za barabarani ziliwaka.

"Hizo siku nne," alisema akiwa bado ameutazama ukuta, "zinatosha kumwona wakili?"

"Jumatatu asubuhi. Kuna ofisi ya ushauri wa bure, nitakuwa mlangoni saa mbili. Tukiwajibu mahakama kwamba tumepokea, tunapata siku zaidi. Sitakudanganya kwamba nyumba itapona. Sijui."

"Afadhali useme hujui." Mumbi aligeuka. Macho yake yalikuwa makavu, na Sesilia angependa yangekuwa na machozi. "Lile daftari unalo?"

"Ninalo."

"Neno hili la mdhamini. Ulimweleza nani mwingine hivi ulivyonieleza mimi?"

Sesilia alifungua mkoba. Alivaa miwani, akafunua kurasa toka mwanzo, miaka tisa, majina aliyoyapeleka mbele ya Bwana kila Alhamisi bila kujua anawaombea kwa ajili ya nini. Mumbi alivuta kiti akaketi karibu naye. Marion aliwasha taa ya juu.

Mwaka wa kwanza hakuna. Mwaka wa pili, mmoja. Wa tatu, wawili, mtu na mkewe, wenye duka la nguo. Sesilia aliendelea, kidole kikishuka ukurasa hadi ukurasa, na Marion akihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, kitu ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu msichana huyo alipoanza shule.

Wakafika kumi na mmoja.

"Anza na huyo wa kwanza," alisema Mumbi, akamsogezea mkoba.

Sesilia alitoa simu yake, akabonyeza namba. Iliita mara moja, mara mbili, kisha sauti ya Ummukulthum, mama wa Mombasa aliyewahi kuletwa mezani na jirani yake, ikajibu kwa furaha kubwa.

"Mama Mghoi! Umejuaje? Sasa hivi nilikuwa nataka kukutafuta. Kuna barua imekuja hapa, sijaifungua."